Kabla umwite mtu mdeni sugu, rudi 1993

Huwa tunaambiwa mtu asiyelipa loni hana nidhamu ya pesa. Sawa, wako wasee wa hivyo. Lakini twende 1993, wengi wetu hata hatukuwa tumezaliwa.

Kenya ilikuwa imetoka tu kwa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Pesa zilikuwa zimemwagwa si kidogo. Juu yake kulikuwa na Goldenberg, ile kashfa serikali ililipa mabilioni kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo mengi hayakuwepo. Shilingi ikaanguka, mfumko wa bei ukapita asilimia 40. Ili kufyonza pesa zilizozagaa, serikali ikakopa kwa hati za siku 91, na katikati ya mwaka riba yake ikapita asilimia 80. Themanini, manze!

Sasa fikiria mama wa duka la nguo aliyekopa kabla ya hayo yote. Mama ni yule yule, na bado anafungua saa mbili asubuhi. Lakini stoki imepanda bei, wateja wanapita tu, na benki imemwandikia barua kwamba riba imepanda. Akitaka mkopo wa kujiokoa, nani atampa? Serikali inalipa vizuri kuliko yeye.

Halafu kuna wale waliopata mkopo kwa simu ya mkubwa fulani, bila nia ya kurudisha hata ndururu. Mwisho wa miaka ya tisini, karibu theluthi ya mikopo ya benki zetu ilikuwa hailipwi, na National Bank ilikuwa karibu izame. Kwenye hiyo hesabu, mama wa nguo na rafiki ya mkubwa wako kapu moja. Hapo ndipo mimi hukasirika.

Tukuje karibu. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha riba yake asilimia 13, na mwaka huo mikopo mibaya ikapita asilimia 16. Wengine waliokwama ni watu waliouzia kaunti bidhaa na hawajalipwa. Siku 90 zikipita bila kulipa, mkopo unahesabiwa mbaya na jina linaenda CRB. La muuzaji, si la kaunti.

Kama mzazi wako alikuwa na biashara 1993, muulize benki ilikuwa inamkata riba ngapi. Majibu weka hapo chini.