Daftari la Bwana, Nasaba ya Mtumwa

Husemwa mara nyingi kwamba Mmarekani mweusi akifuata nasaba yake hadi sensa ya 1870, amefika ukutani. Msemo huo una msingi. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki; majina ya watumwa wenyewe yaliachwa, isipokuwa mara chache. Lakini kuufanya ukuta huo kuwa mwisho wa njia ni kosa, na habari za Frederick Douglass zinatosha kulithibitisha.

Sifa zake zinajulikana: alitoroka Maryland mwaka 1838, akawa mwandishi na msemaji mkuu wa kupinga utumwa, akafariki 1895. Kisichotajwa sana ni swali lililomsumbua tangu utotoni hadi uzeeni: alizaliwa lini?

Katika kitabu chake cha 1845 alikiri kwamba hajui umri wake; baadaye akakisia 1817. Mama yake, Harriet Bailey, alikuwa amekodishwa kwenye shamba la mbali. Alitembea usiku kuja kumwona mwanawe, akaondoka kabla hakujapambazuka, na alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Hata sura yake haikubaki mahali popote. Mwaka 1855 Douglass aliwaeleza wasomaji kwamba ameiona sura inayofanana na ya mama yake katika kitabu cha James Cowles Prichard kuhusu jamii za wanadamu: ilikuwa picha ya mfalme wa Misri ya kale. Hiyo ndiyo picha ya mama aliyokuwa nayo.

Mwaka 1877 alirudi mji wa St. Michaels, Maryland, kumwona Thomas Auld, aliyewahi kummiliki, ambaye sasa alikuwa mgonjwa kitandani. Alimwuliza swali lile lile. Auld akajibu kwamba anadhani ni Februari 1818. Douglass hakutosheka; mwaka 1894, nywele zikiwa nyeupe, alikuwa bado anauliza huko Baltimore.

Kumbe jibu lilikwisha kuandikwa. Aaron Anthony, bwana wake wa kwanza, alikuwa na daftari alimoorodhesha watumwa waliozaliwa. Humo yumo Frederick Augustus, mwana wa Harriet, Februari 1818. Tusimsifu Anthony kwa hilo. Kwake, mtoto aliyezaliwa alikuwa mali iliyoongezeka. Alipokufa mwaka 1826, watu hao walithaminiwa na kugawiwa warithi pamoja na farasi na ng'ombe.

Mwandishi wa habari Dickson Preston ndiye aliyelisoma daftari hilo kwa subira inayostahili, na kitabu chake kikatoka 1980. Alimkuta humo Betsy, bibi aliyemlea Frederick kando ya kijito cha Tuckahoe na kusifika kwa kusuka nyavu za samaki, amezaliwa 1774. Kisha akafuata hati za mirathi za ukoo wa Skinner, ukoo wa mke wa Anthony, hadi kwa Baly, mhenga wa Betsy, aliyezaliwa yapata 1701. Jina la Bailey halikuanzia kwa bwana yeyote. Ukoo wenyewe ulilitunza, kizazi hadi kizazi, palepale Maryland.

Kuhusu baba, wapo wanaomtaja Anthony kana kwamba walikuwepo. Douglass mwenyewe alisikia tu uvumi kwamba babaye ni bwana wake, na hakuna hati iliyouthibitisha. Mjadala huo umekula karatasi nyingi kuliko ukoo wa Betsy, na haustahili.

Kwa hiyo, anayemtafuta mzee wake aliyekuwa mtumwa asiishie kwenye sensa. Amtafute mmiliki: wosia wake, orodha ya mali yake, daftari lake la hesabu. Afungue pia sajili za Benki ya Freedman za 1865 hadi 1874, ambamo wengi waliotoka utumwani walitaja wazazi na ndugu zao kwa majina. Rais wa mwisho wa benki hiyo alikuwa Frederick Douglass.