Umeme, mwamba na maji ya Turkana

Leo tuiache kompyuta kidogo, tutairudia njiani. Twende Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, tukiwa na swali moja: utajuaje palipo na ufa wenye maji ndani ya mwamba ambao huuoni?

Si swali la darasani. Mji wa Lodwar hutegemea visima vya kando ya mto Turkwel. Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, iko kando ya Tarach, mto wa msimu unaofurika mvua ikinyesha kisha ukabaki mchanga mtupu. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa pale mwaka 1992, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili. Maji yao hutoka zaidi visimani. Ukichimba pasipofaa, pesa zimekwenda na madumu bado matupu.

Basi turudi nyuma. Mwaka 1912 Mfaransa Conrad Schlumberger alianza kupitisha umeme ardhini huko Normandy na kuchora jinsi volti zinavyotawanyika. Mwaka 1915 Mmarekani Frank Wenner akaeleza mpango wa vigingi vinne vya chuma vilivyopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa. Mpango huo unatumika hadi leo.

Ni kanuni ya Ohm tuliyosoma sekondari. Vigingi viwili vya nje hupeleka mkondo ardhini, viwili vya ndani hupima volti. Tuseme nafasi ni mita 10, mkondo miliampea 100, volti ni milivolti 50. Ukinzani ni omu 0.5. Zidisha kwa 2π na kwa 10, unapata kama omu-mita 31, yaani jinsi ardhi ile yenyewe inavyokinza umeme. Ukitanua vigingi, mkondo unafika chini zaidi. Mwamba wa volkeno ulio mzima na mkavu hukinza sana. Ukipasuka na nyufa zikajaa maji, ukinzani hushuka.

Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza...

Kwa miaka mingi wapimaji walisimama sehemu moja, wakatanua vigingi hatua kwa hatua, kisha wakalinganisha mchoro wao na michoro iliyokwisha kokotolewa. Hesabu hiyo huchukulia kwamba ardhi imelala kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Lakini ufa mara nyingi husimama wima! Dhana haina nafasi ya kitu kinachotafutwa, kwa hiyo ufa mwembamba ulipotea ndani ya wastani.

Hapa ndipo kompyuta ilipoingia. Siku hizi vigingi kadhaa huunganishwa kwa waya mmoja mrefu, na mashine huchagua vinne vinne mpaka ikakusanya mamia ya vipimo. Mwaka 1996 M. H. Loke na R. D. Barker walichapisha njia ya haraka ya kugeuza vipimo hivyo kuwa picha. Programu hukisia ardhi, hukokotoa vipimo ambavyo ardhi hiyo ingetoa, hulinganisha na vya kweli, husahihisha, hurudia. Ufa mpana wenye maji huonekana kama mfereji wa ukinzani mdogo katikati ya mwamba mgumu. Mwaka 2016 Paul Bauman na wenzake, kupitia mpango wa Geoscientists Without Borders, walipima Kakuma kwa njia hii.

Lakini kuna mtego ambao hata programu bora haiutegui. Zile omu-mita 31 zinaweza kuwa ufa wenye maji matamu, au udongo wa mfinyanzi usiotoa hata ndoo moja, au maji ya chumvi. Chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo picha inayovutia kuliko zote huenda ndiyo mbaya kuliko zote.

Turkana imeyaonja hayo. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya bonde la Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma. Ilipatikana kwa rada na picha za setilaiti, kisha ikathibitishwa kwa kuchimba. Furaha ilikuwa kubwa. Uchimbaji wa baadaye ukaonyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi mno kwa kunywa bila kusafishwa. Kujua kwamba maji yapo si kujua kwamba yananyweka.

Sisi waandika programu tuna la kujifunza hapo. Programu haikosi kutoa picha, na rangi zake hupendeza hata inapokosea. Basi tuonyeshe pia kiasi cha kosa, na picha ya pili inayolingana na vipimo vilevile. Anayeleta mashine ya kuchimba ataamua kwa kile tulichomwonyesha, na mama mwenye dumu pale Kakuma hataiona skrini yetu kamwe.