Mtwara: Ardhi ipi inafaa kwa upanuzi wa mji

MTWARA, mji wa bandari yenye kina kirefu uliokua kutokana na mradi wa karanga wa mwishoni mwa miaka ya 1940, hauwezi kupanuka kila upande.

Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka baharini.

Kusini-mashariki ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kilometa za mraba 650 hivi. Mikoko yake huzuia mmomonyoko na ni mazalia ya samaki. Kuikata ili kupata viwanja ni kuwanyima wavuvi riziki.

Upande huo huo, gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa Madimba na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Njia ya bomba haijengwi nyumba.

Inabaki ardhi ya bara, iliyoinuka na isiyotuamisha maji. Hata hivyo, huko kuna mashamba ya mikorosho, na ardhi ya kijiji haigawiwi viwanja vya mji kabla ya kuhawilishwa kuwa ardhi ya jumla.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayetwaliwa shamba alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Mkorosho huzaa kwa miaka mingi, lakini fidia yake hulipwa mara moja.

Kwa hiyo ardhi inafaa pale inapokidhi masharti yote hayo, na mwenye shamba awe amelipwa kabla ya mawe ya mipaka kusimikwa.