Tiba Mtandao
Tiba mtandao ni huduma ya afya itolewayo kwa simu, redio au intaneti, mgonjwa na mtaalamu wakiwa mahali tofauti. Afrika Mashariki haikungoja simu janja: AMREF, shirika la afya lililoanza 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, iliunganisha hospitali za mbali kwa redio. Tiba mtandao hupingwa kwa hoja kwamba daktari wa kwenye kioo hawezi kupapasa tumbo. Ni kweli, wala hazalishi; ndiyo maana mfumo wa m-mama wa Tanzania, ambapo simu ya bure 115 humwitia mjamzito gari, wafaa zaidi vijiji kama Genkuru, mkoani Mara, kuliko hospitali ya mtandaoni isiyo na magurudumu. Hata Babyl, huduma ya tiba mtandao ya Rwanda iliyosajili watu zaidi ya milioni 2, ilifungwa 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipofilisika.