Nani Alipata Sabuni? Wasomaji na Riwaya za Miaka ya Dhiki Ukanda wa Ziwa

Wasomaji wa Kitanzania wanapoipima riwaya iliyojengwa juu ya miaka ya dhiki, hukumu zao huelekea njia mbili. Waliokuwepo huuliza kama kweli mambo yalikuwa hivyo. Wasiokuwepo, ambao wengi wao wamekutana na riwaya darasani, huuliza inafundisha nini, nao wamezoeshwa hivyo na miongozo ya mitihani inayoigawa kila kazi katika fani na maudhui, kisha kufunga hesabu kwa kifungu cha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Makala hii inadai kwamba vipimo vyote viwili vinaiacha nje kazi ambayo riwaya ya kihistoria inaiweza kuliko maandishi mengine, nayo ni kuonyesha jinsi uhaba unavyogawanywa: nani alikosa, nani alipata, na alipata kwa mlango upi. Ushahidi mwingi utatoka kwa waandishi watatu wa Ukerewe, kisiwa cha jirani na Mwanza ambacho kimeilisha riwaya ya Kiswahili kupita kimo chake: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika.

Tuanze na dhiki yenyewe, kwa sababu msomaji asiyeijua huidhania kuwa ni ukavu tu wa maduka. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapanda, na Mwalimu Nyerere akawataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa miaka. Sukari, sabuni, khanga na dawa vikawa vitu vya foleni, au vya kujuana na mtu. Machi 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na hapo likaonekana jambo ambalo takwimu za uagizaji haziwezi kulieleza: bidhaa zilizosemekana hazipo zilitupwa usiku vichakani na mitoni na watu walioogopa kukutwa nazo. Uhaba ulikuwa wa kweli na maficho yalikuwa ya kweli. Zaidi ya foleni na kujuana, kwenye mwambao wa ziwa kulikuwa na mlango wa tatu. Mpaka uliofungwa barabarani haukufungika majini, na mtumbwi wa magendo ulivusha kahawa kwenda na kurudi na sabuni. Sheria ilimwita mwenye mtumbwi mhujumu, ilhali mama aliyefulia sabuni hiyo alikuwa na jina lake jingine la kumwita. Ndiyo maana wasomaji wawili, mmoja wa Dar es Salaam na mmoja wa Musoma, wanaweza kuisoma riwaya moja ya kipindi hicho wakatofautiana juu ya nani ni mwovu, na wote wakawa wakweli. Kuuliza tu kama ndivyo ilivyokuwa hakuwezi kuwapatanisha, kwa kuwa kila mmoja aliiona dhiki akiwa amesimama mahali pake kwenye mgao.

Pingamizi la kwanza ni la nyakati. Je, kazi kama *Gamba la Nyoka* ya Kezilahabi, iliyotoka 1979, inastahili kuitwa ya kihistoria wakati uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, yaani Operesheni Vijiji, ulikuwa umepamba moto miaka mitano tu kabla yake? Walter Scott aliweka miaka sitini kati yake na matukio ya riwaya yake *Waverley*, na wahakiki wengi wameishika desturi hiyo kama sheria. Nadhani sheria hiyo humtazama mwandishi na kumsahau msomaji. Mwanafunzi wa leo anayewasoma Mamboleo na Mambosasa, wasomi vijana wanaotumwa kuisimamia sera vijijini, yuko mbali na Operesheni Vijiji karibu kama wasomaji wa kwanza wa Scott walivyokuwa mbali na uasi wa 1745 unaosimuliwa humo. Riwaya imekuwa ya kihistoria mikononi mwake. Kilichobadilika pia ni hukumu. Wahakiki wa miaka ya sabini na themanini, wengi wao wakiwa na imani kubwa na mradi wa ujamaa, walimlaumu Kezilahabi kwa kukatisha tamaa: katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975, Tumaini anayeona shamba lake likichukuliwa anaishia kuua na kuhukumiwa kifo, mwisho ambao haukuwa na funzo la kujenga taifa. Lawama hiyo ilitokana na kutafuta ujumbe. Leo kinachobaki na nguvu katika kurasa zile ni picha ya uamuzi wa kiuchumi unaoshuka kutoka juu kumwangukia mtu ambaye hakuulizwa, ingawa yeye mwenyewe si mtu wa kuonewa huruma sana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanauchumi hulitoa kwa haki. Wanasema riwaya hugeuza msiba wa mfumo kuwa dhambi za watu: humpa msomaji mlanguzi wa kumchukia, na bei ya pamba katika soko la dunia ikasahaulika. Kwa vitabu vingi vya miaka ya themanini, ukweli ndio huo. Meneja fisadi wa kampuni ya umma akawa mhusika wa kukaririwa, tumbo lake likibeba lawama ya nchi nzima. Lakini udhaifu huo ni wa waandishi fulani, si wa utanzu. *Miradi Bubu ya Wazalendo* ya Ruhumbika, iliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, inaliepuka shimo hilo kwa kurudi nyuma. Inaanzia enzi ya ukoloni na manamba wa mashamba makubwa, inapita kwenye uhuru, na inapofika kwenye viongozi wanaojilimbikizia mali kwa miradi isiyotajwa, msomaji ameshaona kwamba kiti kilikuwapo kabla ya anayekikalia. Kanda ya Ziwa inaijua historia hiyo bila kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakulima wa pamba walidai mizani huru kwa sababu hawakuziamini za wanunuzi, na kutokana na madai hayo likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria la 1955, chini ya Paul Bomani. Ushirika huo huo ulilaumiwa baadaye na wakulima wake, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya namna hiyo nchi nzima. Mizani ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja, na riwaya ndefu inayovuka vizazi inaweza kuufuatilia mkono mmoja mmoja.

Kitereza anaweza kuonekana kuwa nje ya mjadala, maana *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* inaeleza Ukerewe ya kabla ya ukoloni. Wasomaji wengi hulalamika kwamba kitabu kinachosha: Myombekere hawezi hata kumrejesha mkewe kutoka kwa wakwe bila sisi kupitishwa hatua kwa hatua katika utengenezaji wa pombe ya ndizi. Lalamiko lina msingi. Kuna kurasa zinazohitaji subira ya mvuvi. Hata hivyo kurasa hizo hizo ndizo zinazoonyesha uchumi ukifanya kazi. Faini ya pombe haitoki mfukoni. Inatoka katika migomba, na katika jasho la majirani na ndugu ambao watadai msaada wao kesho. Msomaji anatoka akijua katika jamii ile mtu aliyepungukiwa alimkimbilia nani na kwa masharti gani, jambo ambalo mwandishi wa machozi hatuambii. Mswada wa Kikerewe ulikamilika 1945, lakini toleo la Kiswahili, lililotafsiriwa na mwandishi mwenyewe, lilitoka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Yupo atakayesema kwamba nimeigeuza riwaya kuwa daftari la mgao na kuusahau uzuri wake. Jibu langu ni mfano mmoja: mwaka 1939 viongozi wa Kaunti ya Kern, California, waliiondoa *The Grapes of Wrath* ya John Steinbeck katika maktaba na shule zao wakidai imewasingizia na imejaa matusi, na hakuna aliyedhani kuwa wanagombana juu ya mtindo. Riwaya hiyo ilionyesha matunda yakiharibiwa ili bei isishuke huku watu wakilala njaa. Uzuri wake na hasira ya wasomaji wale vilitoka katika kurasa zilezile, kwani kuuona mgao kunahitaji jicho la msanii: kujua ni nani anayenyamaza kwenye foleni, na nani hasimami foleni kabisa.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa msako wa 1983 sasa amevuka 60. Walimu wa fasihi wa Mwanza, Mara na Kagera wanao wasomaji hao mitaani mwao, na wawaalike darasani wangali hai, wasome pamoja na wanafunzi, kila mmoja aseme alisimama wapi. Nao watunzi wa mitihani wapunguze alama za ujumbe, waongeze swali moja: katika riwaya hii, nani alipata wakati wengine walikosa, na mwandishi amelionyeshaje hilo?