Mashine ya Kufua Inatoa Uchafu Aje? Cheki Hii Kabla Utoe Ganji

Mvua ya Novemba ikishika Kanyakine, ule udongo mwekundu wa Imenti Kusini hauchagui nguo. Jeans, soksi, uniform, zote zinaiva. Ndio maana wasee wengi sai wanawaza kununua mashine. Lakini jua kwanza vile inafanya, usije ukajuta.

Ndani kunaendaje?
Mashine haina uchawi. Inatumia vitu vilevile mama fua hutumia kwa beseni: maji, sabuni, kusugua na muda. Ukiwasha, maji yanapitia droo ya sabuni hadi kwa pipa la chuma lenye matundu. Sabuni ina pande mbili, moja hupenda maji, ingine hushika mafuta. Inazingira uchafu na kuutoa kwa uzi.

Mota nayo inazungusha pipa. Ile ya mlango wa mbele inabeba nguo juu na kuziangusha, pap, pap! Ya kufungulia juu mara nyingi inavuruga maji kwa sahani iliyo chini. Kisha pampu inamwaga maji machafu, nguo zinasuuzwa, halafu pipa linazunguka kasi, hata mara 1,000 kwa dakika, kukamua. Zitatoka na unyevu, so kamba bado utahitaji.

Hapa ndio watu hukosea
Kwanza, sabuni ya kufua kwa mkono. Povu yake ni mob, inakuwa kama mto, nguo zinaanguka pole na hazisuguani. Tumia ya mashine.

Pili, kujaza pipa hadi juu. Nguo zikikosa nafasi ya kuanguka, matope yanabaki.

Tatu, presha ya maji. Mashine nyingi za kujiendesha zinataka karibu bar 0.5. Bila pampu, hiyo ni tangi iliyo kama mita 5 juu ya mashine. Kama tangi yako imekaa chini, ama mfereji hukauka kila wiki, chukua ile ya mapipa mawili. Hiyo unajaza na ndoo.

Nne, stima. Hita ya mashine inaweza kula wati 2,000. Matope hayahitaji maji moto: acha yakauke, piga brashi, kisha fua na maji baridi.

Na utomvu wa ndizi? Ukishakauka, hata mashine hunyoosha mikono. Shambani, enda na nguo mzee.