Sanduku lililochukua nafasi ya mwalimu

Mwanzoni mwa 1974, mjini Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kampuni ndogo iitwayo Tactical Studies Rules ilianza kuuza sanduku lenye vijitabu vitatu. Bei ilikuwa dola 10, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Mchezo uliitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na haukuwa na mshindi. Watu huketi mezani. Mmoja, mwendesha mchezo, husimulia ulimwengu na hatari zake. Wengine kila mmoja huvaa uhusika wake, awe mpiganaji au mchawi, na kusema anafanya nini. Penye shaka, dadu huamua.

Ukisimuliwa hivyo unauona mwepesi. Kuujua kwa kusoma vile vijitabu lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwa mapigano, mnunuzi alielekezwa kwenye kanuni za Chainmail, mchezo wa vita wa 1971 uliouzwa peke yake. Kwa safari za porini alishauriwa awe na ubao wa Outdoor Survival, ambao ulikuwa mali ya kampuni nyingine, Avalon Hill. Dadu zenyewe zilikuwa na pande nne, nane, kumi na mbili, hata ishirini, na wakati ule ziliuzwa kama vifaa vya kufundishia shuleni. Mtu alilipa dola zake 10, akafika nyumbani, akagundua kwamba amenunua theluthi moja ya mchezo.

Haikuwa hila. Gygax na Arneson waliwaandikia wenzao, watu waliozoea kupanga vikosi vya askari wadogo mezani na kubishana juu ya kanuni hadi usiku. Tena Gygax mwenyewe hakuujua mchezo huu kwa kusoma. Arneson, aliyekuwa akiuendesha kwao Minnesota kwa jina la Blackmoor, alimfuata Lake Geneva mwishoni mwa 1972 akamchezesha. Naye Arneson alikuwa ameonja kitu cha aina hiyo mezani kwa David Wesely. Ulienea kama bao: unakaa pembeni, unatazama, unakosea, unachekwa, unaelewa. Asiyekuwa na mtu wa kumkalia pembeni alibaki na vijitabu vyake.

Wa kwanza kulalamika kwa vitendo alikuwa Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona. Alivisoma vijitabu, akaona vinamchosha, akaandika mchezo wake, Tunnels & Trolls, uliotoka 1975. Dadu zake zilikuwa zile za kawaida za pande sita, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo. Mwaka uliofuata likatoka pambano la kucheza peke yako, Buffalo Castle. Nadhani St. Andre hajapewa heshima anayostahili.

Huko Wisconsin, msaada ulitoka pasipotarajiwa. J. Eric Holmes, daktari na profesa wa mfumo wa neva katika Chuo Kikuu cha Southern California, alijitolea kuvipanga upya vile vijitabu ili mgeni aelewe. Kazi yake ilitoka 1977 kama sanduku la wanaoanza, likiishia ngazi ya tatu ya wahusika. Lugha ilinyooka, mifano ikaongezeka. Hata hivyo mashimo yalibaki. Kila silaha iliumiza kwa kiwango kilekile, dadu moja ya pande sita, lakini kisu kiliruhusiwa kupiga mara mbili kwa zamu na shoka zito mara moja kila baada ya zamu mbili. Kijana yeyote anayejua hesabu aliliona hilo jioni ya kwanza, akaacha shoka akachukua kisu.

Halafu dadu zikaadimika. Mwaka 1979 masanduku yalitoka na vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa namba. Unavitia kikombeni, unachomoa kimoja bila kutazama. Hata dadu za plastiki zilizokuja baadaye zilikuwa na namba zisizopakwa rangi, na sandukuni mliwekwa kipande cha krayoni ili mnunuzi azipake mwenyewe.

Tom Moldvay aliandika upya kitabu cha wanaoanza mwaka 1981, na wapo wanaokipenda kuliko vyote. Mimi namtaja zaidi Frank Mentzer, aliyefuata 1983 kwa sanduku jekundu lenye joka la mchoraji Larry Elmore. Mentzer alikuwa ametambua kwamba tatizo halikuwa wingi wa kanuni. Mgeni alikosa mtu wa kukaa naye. Kwa hiyo kitabu cha mchezaji kinakutumbukiza moja kwa moja ndani ya kisa. Wewe ni mpiganaji, umeingia pangoni, unakutana na adui mdogo, unarusha dadu. Nyoka anakuuma, ndipo unapojifunza sumu ni nini. Unamkuta Aleena, mhudumu wa dini, anakutibu na kukueleza mambo mawili matatu kuhusu dunia hii. Ghafla mchawi mwovu Bargle anatokea na kumuua. Wasomaji wa miaka kumi au kumi na miwili walifunga kitabu wakiwa na kisasi rohoni, na bila kujua walikuwa wamekwisha kujifunza nusu ya kanuni. Sanduku hilo lilitafsiriwa kwa lugha nyingi.

Uingereza ilipita njia ya mkato. Ian Livingstone na Steve Jackson, waliokuwa wakiuza Dungeons & Dragons kupitia duka lao Games Workshop mjini London, walitoa The Warlock of Firetop Mountain mwaka 1982: vipande 400 vya hadithi, dadu mbili, penseli. Mwendesha mchezo ni kitabu chenyewe. Mfululizo uliofuata uliuza mamilioni ya nakala, ingawa ule utamu wa kumwona rafiki akifanya upumbavu mbele yako haumo.

Baada ya hapo mchezo mkubwa, Dungeons & Dragons, ulirudi kunenepa. Vitabu viliongezeka, madeni nayo, hadi Wizards of the Coast ikainunua kampuni iliyouchapisha mwaka 1997. Mwaka 2014, toleo la tano lilipotoka, kanuni za msingi zilitolewa bure mtandaoni, na likauzwa sanduku la kuanzia lenye wahusika watano waliokwisha kutengenezwa, kijitabu cha kanuni cha kurasa 32 na kisa cha kurasa 64. Wachezaji hawakuhitaji kusoma chochote. Mwendesha mchezo ndiye aliyehitaji kusoma zile 64, na kuzikumbuka, na kuandaa chumba, na kuwakumbusha wenzake kuwa ni Jumamosi. Mzigo ulikuwa umehamishiwa bega moja.

Bega hilo Jason Morningstar alikuwa amekwisha kulipumzisha mwaka 2009 kwa Fiasco, mchezo usio na mwendesha kabisa. Watu watatu hadi watano, dadu nne kwa kila mtu, kisa cha wahalifu wenye tamaa kubwa na akili ndogo. Hakuna maandalizi. Mambo yanaharibika kwa jioni moja na wiki ijayo hakuna anayedaiwa kurudi.